Mashine Ishirini na Kalamu Nyekundu

Jumatatu, 4 Machi

Muhula umeanza kwa mvua na kwa jambo ambalo sikulitafuta. Mkuu wa shule aliniita ofisini kabla sijavua hata koti, akanisukumia funguo mbili mezani. Mmoja ni wa chumba cha kompyuta, mwingine wa kabati la chuma lililomo humo.

"Mwalimu, wewe una vipindi vichache muhula huu," alisema. "Fundi wetu wa kompyuta ndiyo hivyo ameondoka, na wa kushika nafasi yake sijampata. Nishikie chumba."

Nikamkumbusha kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na kompyuta naijua kwa kuchapia mitihani tu. Akasema anachohitaji ni mtu anayeweza kusoma maelekezo na kuyafuata. Hapo alinipata, maana kama kusoma sijui, basi nimekula mshahara wa bure miaka yote hiyo.

Hali yenyewe ni hii, naiandika ili nisiichanganye baadaye. Tumepewa kompyuta ishirini na benki iliyokuwa inabadilisha zake. Benki ilifuta kila kitu kilichokuwamo, ikang'oa sehemu za kuwekea diski, na matundu ya kuchomekea flashi ikayajaza gundi ngumu, nadhani ili wafanyakazi wasitoke na siri za watu mfukoni. Kwa hiyo zimefika tupu kabisa, hazina hata mfumo wa kuziendesha, na mlango pekee uliobaki wazi ni tundu la waya wa mtandao. Fundi aliliona hilo, akatengeneza seva, yaani mashine moja yenye kila kitu ndani, akaifungia kabatini. Kila kompyuta inatakiwa kuvuta mfumo wake kutoka humo kupitia waya. Kisha akapata kazi kwenye kiwanda cha unga, akaaga kabla ya kuiwekea hata moja. Ameacha karatasi ya maelekezo.

Tarehe 3 Mei anakuja mkaguzi wa vituo vya mitihani. Akikuta kompyuta zisizopungua kumi na nne zinafanya kazi, watahiniwa wetu ishirini na wanane watafanya mtihani wa vitendo kwa zamu mbili. Akikuta pungufu, majina yao yanafutwa kwenye somo hilo na miaka miwili yao imekwenda na maji.

Jumanne, 5 Machi

Nimeisoma karatasi ya Fundi. Kichwa chake ni "Maerekezo". Sikuweza kuendelea mpaka nilipochukua kalamu nyekundu, na nilipofika chini nilikuwa nimehesabu makosa kumi na saba, karibu yote ya aina moja: panapotakiwa L ameweka R. "Kira mashine." "Mbere ya kabati." Wanafunzi wananiita Kalamu Nyekundu, wanadhani sijui. Najua, na wala halinikeri.

Nikayanakili maelekezo yote upya kwenye daftari la jalada gumu, kwa mwandiko safi, hatua moja hadi kumi na moja, kila neno likiwa mahali pake. Karatasi yenyewe nimeipeleka nyumbani kuwashia jiko. Sasa angalau yanasomeka.

Imenikumbusha kikao cha walimu cha mwaka juzi. Fundi alisimama kutoa taarifa, akaanza, "Kompyuta zirizofika ni mbiri." Nikasema kutoka nilipokaa, "Zilizofika, mbili." Chumba kizima kilicheka, na yeye akatabasamu, akamalizia kwa sentensi moja, akaketi. Ni mtu wa maneno machache sana. Sidhani kama nilimsikia tena kikaoni.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua tangu asubuhi. Sikukanyaga chumba cha kompyuta. Kusahihisha insha.

Jumatano, 13 Machi

Leo nimeingia rasmi. Chumba kinanuka plastiki na unyevu. Safu nne za meza, kompyuta tano kila safu. Nilichagua ya kwanza karibu na mlango ili nikishindwa nitoke bila kuonekana. Daftari langu linasema: washa, bonyeza F12 kabla hujapepesa macho, subiri. Nikafanya hivyo. Nukta zikatembea kwenye kioo, moja moja, kisha ikaja sentensi kwamba hakuna aliyejibu. Basi.

Hakuna aliyejibu nini? Ilikuwa imemuuliza nani? Niliwasha tena na tena nione ikiuliza, nikapitwa na kengele ya kipindi cha nne, na kidato cha pili wakafurahi sana.

Alasiri akaja msichana mmoja wa watahiniwa, ambaye sisi walimu tunamwita Swali kwa sababu zinazojulikana. Alisimama nyuma yangu muda mrefu.

"Mwalimu, kwani si iko tupu?"

"Iko tupu."

"Sasa kitu kitupu kinajuaje kuuliza?"

Ni swali ambalo ningetamani kuliuliza mimi kwanza.

Jumatatu, 18 Machi

Nimelipata jibu katika kitabu cha kompyuta kilichokuwa kinazuia mlango wa maktaba usijifunge. Hata mashine iliyofutwa kila kitu inabaki na maandishi machache yaliyotiwa kiwandani kwenye ubao wake wa ndani, na humo ndimo inamojua kupiga ukelele kwenye waya: sina namba, sina jina, kuna mtu? Mtoto mchanga naye hajui jina lake, lakini kulia anajua. Seva ikisikia, inajibu: chukua namba hii, na chukua kipande hiki kidogo cha programu kikusaidie kusimama. Kuanzia hapo mashine inaweza kuuliza mafaili makubwa yako wapi.

Nimelisoma hilo mara tatu kwa raha tupu. Miaka yote hiyo nilidhani mambo haya ni ya namba na nyaya, kumbe ni mazungumzo.

Basi nikajiuliza, kama yangu imelia na hakuna aliyejibu, tatizo liko kwa mlio au kwa sikio? Nikavua viatu, nikapiga magoti, nikaufuata waya kwa mkono kutoka kompyuta ya kwanza, chini ya meza zote, hadi kwenye kile kisanduku wanachokiita swichi, na kutoka hapo hadi kabatini. Nyuma ya kabati panya walikuwa wamekula waya hadi shaba. Mume wangu, ambaye ni fundi umeme wa magari, amenipa koleo na kunionyesha jinsi ya kubana kichwa kipya kwenye waya. Vichwa vitatu nimeviharibu, cha nne kikakubali.

Saa tisa na nusu mashine ya kwanza ilipiga ukelele ikajibiwa. Imepewa namba 31. Nilimwambia Swali na akapiga makofi, kisha akauliza kwa nini 31 na si 1.

Ijumaa, 22 Machi

Hatua ya nane. Mashine imesimama kwenye kioo cheusi inasubiri niiambie folda iko wapi. Daftari langu linasema: andika jina la seva, ambalo ni mama, kisha jina la folda, ambalo ni mafaili. Halafu neno la siri: kalenda. Nimeandika. Inasema haioni njia. Nimeandika tena polepole, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Haioni njia. Nimekwenda mashine ya pili, ya tano, ya ishirini. Zote zinapewa namba, zote zinasimama, zote hazioni njia.

Nimempigia Fundi simu mara nne. Inaita, hapokei. Nimemwandikia ujumbe.

Jumanne, 26 Machi

Amejibu leo, siku ya nne. Nanukuu: "Usiiguse seva iko sawa. Andika kama nirivyoandika."

Hakuna pole, hakuna habari za kazi. Nikamjibu: "*Nilivyoandika. Na ndivyo nilivyofanya, Fundi." Kimya.

Kuna watu ukiwapa ujuzi kidogo wanakuwa wafalme. Mtu anajua kabisa watoto ishirini na wanane wanasubiri, na hawezi kushika simu dakika tano. Nilimdhania mpole.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Haioni njia.

Jumanne, 9 Aprili

Leo nimeikaidi amri. Nimelifungua kabati, nikaichomekea seva kioo na kibodi ili niione mwenyewe hiyo folda. Imeniomba jina na neno la siri la mwenye mashine. Hayo hayakuwa kwenye karatasi. Nikalifunga kabati kama mtu aliyechungulia chumba cha wenyewe.

Mama mkwe, anayeishi nasi tangu avunjike mguu, aliniuliza jioni kwa nini nakula kimyakimya. Nikamweleza kwa kifupi: kuna mlango, nina ufunguo, mlango haufunguki. Akasema pengine si ufunguo wake. Nikamwambia mama, ufunguo nimeuchonga mwenyewe.

Ijumaa, 12 Aprili

Swali amenionyesha fomu ya chuo anachotaka kwenda, cha ufundi wa mitambo ya hospitali. Somo la kompyuta limewekwa la lazima. Ameijaza kila mahali isipokuwa mstari huo. Nilimwambia ajaze kwa penseli, kisha nikajichukia.

Jumatatu, 15 Aprili

Mkuu aliniita. Mezani ana barua iliyokwisha chapwa, bado sahihi tu. Anaomba majina ya watahiniwa yaondolewe kwenye somo la kompyuta.

"Bora tuwaondoe wenyewe kuliko mkaguzi aje atufutie mbele ya watu," alisema. "Shule itapoteza hadhi ya kituo hata kwa masomo mengine."

Nikamwomba muda. Akaniuliza wa kufanya nini. Nimeandika neno lilelile kwenye mashine ishirini kwa wiki tatu. Nimejaribu kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo, kwa alama ya mkwaju ikilalia kulia na ikilalia kushoto. Mkuu si mtu mbaya, akasema atasubiri mpaka Ijumaa ya tarehe 26. Barua ameiweka kwenye droo ya juu.

Nimemwandikia Fundi tena, safari hii kwa adabu. Ameusoma ujumbe, alama inaonyesha. Hajajibu.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua imeingia chumba cha kidato cha tatu. Tumehamisha madawati. Haioni njia.

Jumapili, 21 Aprili

Leo sijui kama nina furaha au aibu.

Baada ya chakula cha mchana mama mkwe aliniomba nimwandikie dada yake ujumbe kwa simu, maana herufi za kwenye simu ni ndogo na vidole vyake havizipati. Alikaa wima akanitolea imla: "Dada, nimerara vizuri, nakura vizuri, mguu umepoa. Nikija nitakuretea branketi rako." Nikachapa. Yeye kusoma anajua, ila kwa kujikokota, kwa hiyo akavaa miwani akaomba aone kabla haujaenda. Akasoma hadi mwisho, akanirudishia simu.

"Haya kaandika nani?"

"Ni wewe mama. Mimi nimechapa tu."

"Mimi sisemi hivi. Dada yangu akisoma hii atajua simu yangu imeibwa."

Nikacheka, nikamwambia maana ni ileile, nimenyoosha tu maneno.

"Nani kakuomba uyanyooshe? Andika nirivyosema."

Nilibaki na simu mkononi. Andika nirivyosema. Andika kama nirivyoandika. Mama mkwe aliniuliza kama ni ile pumu yangu.

Karatasi ya Fundi nimeitia kwenye jiko kwa mkono wangu. Lakini nimesahihisha kazi za watu miaka ishirini na mbili, na kosa nililolizungushia wino silisahau. Hatua ya nane, mstari wa pili, aliandika mafairi. Nikaikata ile R, nikaweka L juu yake, nikaendelea. Na neno la siri lilikuwa karenda.

Seva haina kosa, panya hawana kosa. Mtu aliibatiza folda kwa jina alilolijua, akaniandikia jina hilo bila kupunguza kitu, na mimi nikalisahihisha. Kisha nikaenda kuuliza mashine ishirini, kwa Kiswahili sanifu, habari za kitu kisichokuwapo, na zikanijibu ukweli kila siku kwa mwezi mzima.

Nimempelekea dada yake ujumbe kama mama mkwe alivyosema, R zote mahali pake. Jibu lilikuja upesi: "Sasa nimeamini umepona."

Jumatatu, 22 Aprili

Nilifika kabla ya mlinzi kufungua geti. Mashine ya kwanza, F12, nukta, namba 31, kioo cheusi. Nikaandika mafairi. Kidole changu kiligoma kidogo kwenye R, naapa. Ikaomba neno la siri. Nikaandika karenda.

Ikaona njia.

Mafaili yalianza kupita kwenye kioo, mamia, majina yasiyotamkika, mstari baada ya mstari, na mimi nikayasoma yote kana kwamba kuna mtihani. Dakika thelathini na tano baadaye kioo kikawa cha buluu na mashine ikaniuliza ninataka kuiita nani. Sikutarajia kuulizwa. Nikaandika Kwanza.

Swali alipoingia saa nne na kuona kioo kinang'aa, kwa mara ya kwanza hakuuliza kitu. Alikaa, akashika kipanya, akakisogeza, akaangalia mshale ukitembea. Mimi nilitoka nje kupenga kamasi.

Alhamisi, 25 Aprili

Tumepata somo jingine. Kwa tamaa nilianzisha mashine kumi na tisa kwa mpigo. Seva ikahemewa, zote zikasimama kwenye asilimia tatu kwa saa mbili, na umeme ukakatika zikafa zote. Kumbe inafaa kuzipeleka nne nne. Mtu mmoja hawezi kuhadithia watu kumi na tisa kila mmoja kwa wakati wake. Nimeipenda hiyo, japo imenigharimu siku.

Mkuu amekuja kuona, amekuta saba tayari. Barua bado iko kwenye droo lakini amenipa hadi siku ya ukaguzi. Akainama kwenye kioo, akasoma, akakunja uso.

"Mwalimu, hapa pameandikwa 'mafairi'. Wewe umeliona hili?"

"Nimeliona, Mkuu."

"Basi lirekebishe kabla mkaguzi hajaja. Tutachekwa."

"Nikilirekebisha, zilizobaki hazitaona njia," nilimwambia. Akanitazama vizuri sana, nadhani akitafuta kama ni mimi.

Jumanne, 30 Aprili

Kumi na sita. Umeme umekatika mara tano. Nimeanza kuota nukta.

Ijumaa, 3 Mei

Mkaguzi ni mama mfupi mwenye buti za mvua na daftari lililofungwa kwa mpira. Hakusalimia kwa kirefu. Alipita safu kwa safu, akiwasha, akihesabu, akizima. Mkuu alikuwa nyuma yake na mimi nyuma ya Mkuu. Kumi na nane zilikuwa tayari. Moja ikagoma kuwaka mbele yake, akaandika kitu. Halafu akauliza nani aliziwekea mfumo, na kwa njia gani, maana matundu yameziba.

Nikamweleza. Nadhani nilieleza kuliko nilivyoulizwa, nikafika hata kwenye ukelele na namba 31, mpaka Mkuu akakohoa. Mkaguzi alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Wewe unafundisha kompyuta?" Nikasema nafundisha Kiswahili. "Na seva hii umeitengeneza wewe?" Nikasema hapana, aliitengeneza Fundi, na aliiacha ikiwa kamili, kuchelewa kote ni kwangu.

Sijawahi kusema sentensi ya namna hiyo mbele ya Mkuu. Haikuniua. Kituo kimepita. Majina ishirini na nane yamebaki kama yalivyo, na mtihani ni tarehe 20. Mkuu ameichana barua mwenyewe.

Jumamosi, 4 Mei

Leo nimempigia Fundi. Nilijua hatapokea, kwa hiyo kwanza nilimwandikia ujumbe: "Folda ni mafairi. Nililisahihisha. Mashine zote hazikuona njia kwa sababu yangu. Naomba unipokelee nikuombe radhi kwa sauti." Nikangoja nusu saa, nikapiga. Akapokea.

"Haro, Mwarimu."

Nikamwambia yote: karatasi, kalamu, jiko, nyota niliyomwekea kwenye ujumbe wake. Nikamwambia na ile ya kikaoni. Aliniacha nimalize. Nyuma yake mashine za kusaga zilikuwa zinanguruma.

"Mimi nirihisi tangu ujumbe wako wa kwanza," alisema. "Nikasema, huyu amenisahihisha."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, Mwarimu? Nikikupigia nikasema mafairi, wewe utasikia mafairi ya kawaida. Kwangu mimi hizo herufi mbiri kwa mdomo ni moja. Ingebidi tubishane hapo, wewe ukinifundisha kutamka. Nikasema ngoja nimwandikie, aandike kama nirivyoandika. Ukaniretea ire nyota yako."

Akaendelea, wala hakupandisha sauti.

"Wakati mwingine nirikuwa naishika simu, nasema rero nampigia, watoto wanasubiri. Kisha naiweka chini. Sio vizuri, najua. Rakini nimechoka kusahihishwa. Huku kiwandani hakuna vikao."

Mwezi mzima nimemwita mfalme humu ndani. Nimerudi nyuma kuyasoma, na sitayafuta, yakae nione nilivyo. Nililia kwenye simu, na yeye akapata kazi ya kunibembeleza, jambo ambalo halikuwa haki kwake pia.

Mwisho nikamwomba jambo. Watahiniwa wanaweza kutumia mashine, ila mtihani una sehemu ya mtandao, kueleza kwa nini kila kitu kinafanya kinachofanya, na hapo mimi napapasa tu. Nikamwomba aje Jumamosi moja tu kuwapa somo la mwisho.

"Nitakuja Jumamosi ijayo," alisema. "Ira wewe, Mwarimu, usikae ndani."

Nikakubali.

Jumamosi, 11 Mei

Amekuja saa tatu kamili, shati limepigwa pasi, unga umebaki kwenye kope. Tulisalimiana mlangoni. Nikamkabidhi funguo zote mbili, akaingia, akafunga mlango.

Nilikaa barazani kwenye kiti cha mlinzi. Ningeweza kwenda nyumbani, lakini nilikuwa nimeahidi kutokaa ndani, sikuahidi kuondoka. Mvua ilikuwa ya wastani, kwa hiyo mwanzoni nilimsikia vizuri. Alianza na mashine tupu. Aliwauliza, kama umeamka huna jina na hujui uko nyumba gani, utafanya nini? Mtoto mmoja akasema nitapiga kelele. Akasema, basi ndivyo nayo inavyofanya, tusikirize ikipiga. Mimi nilikipata kitu hicho kwenye kitabu baada ya wiki mbili, yeye akawapa kwa pumzi moja. R na L zilikuwa zinabadilishana viti kila sentensi, na humo ndani hapakuwa na aliyejali. Swali aliuliza mara kumi na moja. Alijibiwa mara kumi na moja, na mara mbili Fundi alisema, "Hiro sirijui, turitafute."

Kisha mvua ikakolea kwenye bati na sauti yake ikapotea. Nikabaki namwona kwa kioo cha dirisha, akitembea kati ya safu, mikono ikieleza. Mara darasa zima likaangua kicheko. Watoto ishirini na wanane, wengine wamelalia kibodi. Nilisimama wima, tayari kuingia na kuwanyamazisha, maana kicheko cha chumba kizima mbele ya mtu huyu nakijua, nilikianzisha mimi. Nikafika mlangoni, mkono kwenye kitasa. Ndipo nikamwona na yeye. Alikuwa anacheka kuliko wote, ameshika meza, anafuta macho. Alikuwa amewachekesha yeye.

Nikarudi kitini. Miaka mitatu tumekaa chumba kimoja cha walimu, viti viwili kati yetu, na sikujua kwamba Fundi anachekesha.

Jumatatu, 20 Mei

Mtihani umefanyika. Zamu ya kwanza kumi na nne, zamu ya pili kumi na nne, umeme haukukatika. Hakuna mashine iliyogoma.

Swali alitoka wa mwisho. Nilimuuliza swali la mtandao lilikuwaje, akasema waliulizwa kompyuta tupu inapataje namba, na ameandika kurasa mbili mpaka nafasi ikamwishia. Ile fomu ameijaza kwa wino tangu asubuhi, hakunisubiri.

Halafu nikamuuliza nilichokuwa nimekibeba siku tisa. Nilijitahidi kukisema kwa kawaida, kama kitu kilichonipitia tu kichwani.

"Hivi siku ile Fundi alisema nini mkacheka vile?"

Akaanza kunieleza, akacheka peke yake kabla hajafika popote, akajaribu tena kutoka mwanzo, akaacha. Akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, hii kusimuliwa haichekeshi," alisema. "Ungekuwepo."